Hewa Inayotoka Jengoni: Ipi Irudishiwe Joto, Ipi Itupwe Mbali

Mwaka 2020, virusi vya korona viliposambaa, mafundi wa mitambo ya hewa katika majengo mengi walifanya jambo ambalo mwaka mmoja kabla yake wangekaripiwa kwa kulifanya: walizima vifaa vya kurudisha joto. Hofu yao ilieleweka. Ndani ya vifaa hivyo, hewa chafu inayotoka na hewa mpya inayoingia hupishana ili moja iipe nyingine joto lake, zikiwa zimetenganishwa na bati jembamba au gurudumu linalozunguka, na hakuna aliyetaka pumzi ya mgonjwa irudi ofisini kwa mlango wa uani. REHVA, shirikisho la Ulaya la vyama vya wahandisi wa mitambo ya joto na hewa, lilitoa mwongozo uliopoza joto hilo: gurudumu lililosanifiwa na kufungwa vizuri halina sababu ya kuzimwa. Kinachotakiwa ni kulikagua na kuhakikisha kwamba uvujaji wake hauzidi asilimia 5.

Waliozima bila kupima hawakujua kama wamemwokoa mtu. Penye baridi kali huenda waliharibu zaidi. Mtambo uliopangiwa kusaidiwa na gurudumu ukiachwa peke yake hauna nguvu ya kupasha hewa yote ya nje. Watu wakianza kulalamika baridi, fundi hupunguza hewa ya nje. Hapo jengo linabaki na pumzi nyingi zaidi za watu wake, jambo lile lile lililokuwa linaogopwa.

Kisa hicho kinaonyesha namna tunavyolijadili suala hili vibaya. Upande mmoja wapo watu wa usalama, ambao kila hewa iliyokwisha kupita chumbani kwao ni taka, itupwe mbali na isiguswe. Upande wa pili wapo watu wa nishati, ambao kila hewa yenye joto au ubaridi kwao ni fedha inayoyeyuka paani. Wote wawili wanaizungumzia hewa chafu kana kwamba ni kitu kimoja. Ninavyoona mimi, mabishano hayo yangeisha mapema kama kila mradi ungelazimika kujibu maswali mawili: hewa hii imetoka chumba gani, na penye ufa, inasukumwa kuelekea wapi? Mengi ya hayo mengine ni hesabu tu.

Na hesabu yenyewe si ndogo. Chukua mtambo unaotoa mita 1 ya ujazo ya hewa kwa sekunde, kiasi kinachotosha ofisi ya watu 100 kwa makadirio ya lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu. Ndani kukiwa na digrii 22 na nje digrii 2, hewa hiyo inatoka na joto la kilowati 24 hivi, mfululizo, saa zote ambazo feni inazunguka. Gurudumu lenye ufanisi wa asilimia 75 hurudisha kilowati 18. Kuziacha ziende ni sawa na kuwasha hita tisa za kilowati mbili mbili paani, nje, zipashe anga.

Penye joto na unyevu hesabu hubadilika kwa namna ambayo wauzaji wengi wa mitambo hawaisemi. Nje kukiwa na digrii 32 na unyevu wa asilimia 70, na ndani digrii 24 na unyevu wa asilimia 55, kuipooza na kuikausha mita hiyo hiyo ya ujazo kunadai kilowati 40 na ushei. Katika hizo, tofauti ya digrii inachukua chini ya robo. Zinazobaki zote ni kazi ya kuutoa mvuke wa maji. Kwa hiyo kifaa cha mabati ya alumini kinachopitisha joto pekee, hata kikiandikwa ufanisi wa asilimia 75, kitaokoa kilowati 7 hivi kati ya 40 na zaidi. Namba iliyobandikwa ubavuni mwa kifaa si ya uongo, ila imejibu swali la hali nyingine ya hewa. Kifaa kinachofaa pale ni kile kinachopitisha na unyevu pia: gurudumu lililopakwa dawa ya kufyonza mvuke, au sahani za utando unaopenyeza maji.

Hapo ndipo watu wa usalama huinua mkono, na wana haki. Dawa inayofyonza mvuke wa maji inaweza pia kufyonza gesi zinazoyeyuka katika maji, amonia kwa mfano, kisha ikaziachia upande wa pili. Kwa ofisi hilo si jambo la kupoteza usingizi. Kwa chumba kinachohifadhi kemikali za usafi, au banda la wanyama wa maabara, ni sababu ya kutosha ya kuchagua kifaa kingine.

Kama kuna anayedhani kwamba hofu ya hewa inayotoka ni ya kubuni, awasome watafiti William Firth Wells na Richard Riley. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika hospitali moja ya maveterani mjini Baltimore, walichukua wodi ya vitanda sita ya wagonjwa wa kifua kikuu na kuipeleka hewa yake kwa mifereji hadi chumba cha juu kilichojaa vizimba vya simbilisi. Wanyama hao hawakugusana na mgonjwa yeyote. Walichokuwa nacho kutoka wodini ni hewa peke yake. Kwa wastani, watatu hivi waliambukizwa kila mwezi. Chumba cha pili cha simbilisi kililetewa hewa ya wodi hiyo hiyo, ila iliyopitishwa kwanza kwenye mwanga wa urujuanimno; huko hakuna aliyeambukizwa. Jaribio hilo ndilo lililowasadikisha wengi kwamba kifua kikuu huenea kwa njia ya hewa, na lilithibitisha kwa kutumia hewa ya kutoka, ile ambayo katika michoro ya majengo hupewa mshale mmoja unaoelekea juu na kusahauliwa.

Ila soma jaribio hilo hadi mwisho. Wagonjwa sita, chumba cha wanyama wapatao 150, na watatu kwa mwezi. Hewa hiyo haikuwa sumu ya kuua papo hapo. Ilikuwa na vijidudu vichache mno katika mita nyingi za ujazo. Uchache huo ndio unaofanya uvujaji wa asilimia moja au mbili kwenye gurudumu la ofisi uwe jambo dogo, na ndio huo huo unaofanya uvujaji wowote kutoka wodi ya kifua kikuu usikubalike, maana mgonjwa yumo humo usiku na mchana, mwezi baada ya mwezi. Miongozo ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, haiachi nafasi ya kubahatisha hapa: chumba cha kutengea wagonjwa wa namna hiyo kibadilishiwe hewa mara 12 kwa saa, mgandamizo wake uwe chini ya ule wa korido kwa paskali 2.5 au zaidi, na hewa yake itupwe nje moja kwa moja au ipite kwenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo mno.

Kisa cha pili kinawauma watu wa usalama wenyewe. Machi 2003, katika makazi ya Amoy Gardens huko Hong Kong, zaidi ya wakazi 300 waliambukizwa SARS, ugonjwa wa virusi wa mapafu, asilimia 41 hivi yao katika Jengo E. Mgonjwa aliyekuwa akiharisha alikuwa ametembelea fleti mojawapo. Uchunguzi ulionyesha kwamba matundu ya kutolea maji sakafuni mwa mabafu yalikuwa yamekauka: maji yanayokaa kwenye mkunjo wa bomba ili kuzuia harufu ya mtaro hayakuwapo. Mtu alipofunga mlango wa bafu na kuwasha feni, feni ilivuta hewa kutoka popote ilipoweza kuipata, na njia iliyokuwa rahisi ilikuwa bomba la majitaka. Matone madogo yaliyobeba virusi yakapanda bafuni. Kisha feni ile ile ikayatoa nje, kwenye uwazi mwembamba kati ya kuta, ambako hewa ya uvuguvugu ilipanda na kuyapeleka kwenye madirisha ya fleti za juu.

Feni ile iliwekwa kwa ajili ya afya. Ilifanya kazi yake sawasawa kabisa: ilitoa hewa. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kutoa hewa kunatosha, bila kuuliza itakayoijaza nafasi yake itatoka wapi na ile iliyotolewa itaangukia kwa nani.

Swali la nafasi hiyo linahusu nyumba za kawaida pia. Nyumba iliyozibwa nyufa zote ili kuokoa nishati, ikafungwa feni kubwa jikoni na nyingine bafuni, inabaki na mgandamizo mdogo ndani. Hewa ya kufidia itaingia kwa tundu lolote lililobaki, na mara nyingi tundu hilo ni dohani la mtambo wa gesi wa kuchemshia maji. Moshi uliotakiwa kupanda unashuka, ukiwa na kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu. Hapa watu wa nishati waliziba, watu wa usalama wakavuta, na kila upande ulifuata kitabu chake. Ukiongeza feni ya kutoa bila kuongeza njia ya kuingiza, umeongeza hatari, na hakuna kiwango cha ufanisi kitakachokuonyesha hivyo kwenye karatasi.

Wahandisi wanayo tayari lugha ya kutenganisha hewa hizi. Kiwango cha 62.1 cha ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upoozaji na uingizaji hewa, huigawa hewa katika madaraja manne. La kwanza ni la ofisi na madarasa: pumzi za watu, vumbi kidogo, harufu hafifu. La pili ni la vyoo, vyumba vya kubadilishia nguo na sehemu za kulia chakula. La tatu lina uchafu mwingi zaidi au harufu inayoudhi. La nne ni la mvuke na gesi za hatari, zikiwamo hewa ya makabati ya kemikali maabara, yale yenye feni ya kuvuta mvuke, na moshi wenye mafuta wa majiko makubwa. Daraja la kwanza unaweza hata kulizungusha tena katika vyumba vingine. La nne hulizungushi popote. Ulaya wana mgawanyo unaofanana na huu.

Ni mgawanyo mzuri, na ninausifu hadi pale jengo linapokabidhiwa. Baada ya hapo huanza maisha. Ghala linageuzwa chumba cha mashine za kuchapia. Darasa linakuwa saluni. Ghorofa ya chini inapangishwa kwa mgahawa wenye majiko ya mkaa. Daraja limeandikwa kwenye mchoro uliofungiwa kabatini, na mfereji wa hewa hausomi mchoro. Sijaona sababu kwa nini leseni ya kubadilisha matumizi ya chumba itolewe bila mtu kuuliza hewa yake inakwenda kuchanganyika na ya nani.

Tukishajua daraja, uchaguzi wa kifaa unakuwa mwepesi kuliko inavyodhaniwa. Kwa hewa ya daraja la kwanza, na kwa vyoo vichache vilivyounganishwa nayo, gurudumu linafaa, nalo ndilo hurudisha zaidi. Asilimia 75 hadi 85 ni jambo la kawaida. Ila gurudumu linataka mambo mawili ambayo hayagharimu fedha nyingi na bado husahaulika. Kwanza, feni zipangwe ili mgandamizo upande wa hewa mpya uwe mkubwa kuliko upande wa hewa chafu pale gurudumu lilipo. Muhuri ukilegea, na huwa unalegea, hewa safi itavujia kwenye chafu. Umepoteza nishati kidogo, hujaumiza mtu. Feni zikipangwa kinyume, muhuri ule ule uliolegea unarudisha hewa chafu ndani, na hakuna kengele itakayolia. Pili, gurudumu liwe na kipande cha kusafishia, kisehemu kidogo ambapo hewa mpya hufagia vijitundu kabla havijageukia upande wa kuingia.

Mpangilio wa feni huamuliwa siku mtambo unapoagizwa. Kuubadilisha baadaye ni kubomoa. Nashangaa mara kwa mara jinsi mikutano ya ujenzi inavyotumia saa nzima kuchagua rangi ya vigae na dakika mbili kwa swali hilo.

Kwa hewa mbaya zaidi zipo sahani ambazo hazizunguki, na kwa hewa ya hatari kuna koili mbili zilizounganishwa kwa mabomba ya maji: moja kwenye mfereji wa kutoa, nyingine kwenye wa kuingiza, hata zikiwa pande mbili tofauti za jengo. Maji ndiyo yanayobeba joto. Hewa mbili hazikutani kabisa. Wenye kupenda namba hulalamika kwamba koili hurudisha kidogo, na ni kweli. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1253 ya mwaka 2014, iliyolazimisha mitambo mikubwa inayotoa na kuingiza hewa iwe na kifaa cha kurudisha joto, iliweka tangu Januari 2018 ufanisi wa chini wa asilimia 73 kwa vifaa vya kawaida, na asilimia 68 kwa koili hizo. Tofauti hiyo ya asilimia 5, pamoja na umeme wa pampu, ni gharama ya kuwa na hakika kwamba mvuke wa maabara haurudi kwa watu. Ni nadra kupata usalama kwa bei ndogo namna hiyo, na anayeukataa kwa jina la nishati hajafanya hesabu ya upande wa pili.

Moshi wa majiko makubwa una tabu yake ya pekee. Mafuta hugandia kwenye mfereji na kwenye kifaa chochote utakachokiweka njiani; ufanisi unashuka wiki hadi wiki, na cheche moja inaweza kuugeuza mfereji wote kuwa moto unaopanda ghorofa kwa ghorofa. Mwenye kutaka kurudisha joto la jikoni aanze kwa kuonyesha ratiba ya usafi na mtu anayelipwa kuifuata. Akishindwa, aache.

Turudi paani, maana huko nako kuna mgogoro. Hewa ya daraja la nne haipaswi kutupwa karibu na tundu la kuingizia hewa; kiwango kile cha ASHRAE kinataka umbali wa mita 10, na mita 5 kwa daraja la tatu. Lakini upepo haupimi kwa futi kamba. Unapogonga jengo hujikunja juu ya paa na kutengeneza mzunguko unaoweza kuirudisha hewa chafu chini ukutani, hadi madirishani. Ndiyo maana dohani za maabara hutakiwa kusimama mita 3 hivi juu ya paa na kurusha hewa kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, ipenye mzunguko huo na kupotelea angani.

Kasi hiyo inakula umeme. Na watu wa nishati, walipoona bili, walipendekeza kuipunguza usiku, jengo likiwa halina watu. Pendekezo si baya, mradi lipitie kwa mtu wa upepo kwanza. Dohani refu zaidi linaweza kuruhusu kasi ndogo zaidi, na chuma cha dohani hulipiwa mara moja ilhali umeme hulipiwa kila mwezi. Hapa urefu unaokoa nishati na kuongeza usalama kwa pamoja, ila mwenye jengo hataki dohani ionekane barabarani. Nimesoma hoja nyingi za kuchekesha kuhusu uzuri wa paa. Kofia ya kuzuia mvua iliyowekwa juu ya dohani ni mfano mwingine: inaonekana ya busara, kumbe inaigeuza hewa ya hatari na kuirudisha chini, mahali hasa ilipokusudiwa isifike.

Hadi hapa nimezungumzia kurudisha joto la hewa iliyokwisha kutolewa. Akiba kubwa zaidi iko kabla ya hapo, katika kutoa hewa kidogo, na hili ndilo linalowakutanisha wagomvi wetu wawili wakilijua. Kabati la kemikali lenye mlango wa upana wa mita 1.5, uliofunguliwa nusu mita, likivuta kwa kasi ya mita 0.5 kwa sekunde, hutoa lita 375 kila sekunde. Hiyo ni hewa ya watu karibu 40, kwa ajili ya chupa moja. Mlango huo ukishushwa, na feni ikapungua kuufuata, hewa inapungua na mkemia anapata kioo kati ya uso wake na mlipuko. Usalama na akiba vimekuja kwa mkono mmoja. Vyuo vingi hubandika vikaratasi vya kuwakumbusha watafiti wafunge milango. Kibandiko hicho kina maana pale tu feni inapoweza kubadili kasi. Katika maabara zenye feni ya kasi moja, unashusha mlango, kabati linavuta kiasi kile kile kwa njia nyingine, na mita ya umeme haitikisiki. Nadhani vibandiko vingi viko katika maabara za namna hiyo.

Jikoni vivyo hivyo: kofia ya kuvuta moshi iliyoshushwa karibu na jiko na kufungwa pande zake hukamata moshi ule ule kwa hewa pungufu sana kuliko iliyoning'inia wazi katikati ya chumba. Maegesho ya chini ya ardhi yenye vihisi vya kaboni monoksaidi hayahitaji feni kuunguruma saa 9 usiku bila gari hata moja kuwashwa. Na fizikia ya feni ina ukarimu hapa: nguvu inayohitajika hupanda na kushuka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Punguza kasi kwa asilimia 20, na umeme unashuka hadi karibu nusu.

Mpaka wa kupunguza hewa ni upi? Mahali ambapo chanzo hakionekani. Kihisi cha kaboni dioksaidi kinajua idadi ya watu chumbani. Hakijui gundi mpya ya zulia, wala kemikali iliyomwagika, wala virusi. Kihisi kikiachiwa peke yake kuamua hewa ya jengo zima, kitaona watu wachache Jumatatu asubuhi na kupunguza hewa wakati rangi iliyopakwa Jumapili bado inatoa mvuke. Kiwekewe kiwango cha chini cha hewa ambacho programu haishuki chini yake.

Limebaki jambo linalonikera kuliko yote, na halihusu kifaa chochote. Ufanisi wa asilimia 73 au 80 hupimwa kiwandani, kifaa kikiwa kipya, muhuri ukiwa mzima, hewa mbili zikiwa sawa kwa wingi. Jengoni, vichujio hujaa, mikanda hulegea, kilango cha mfereji hukwama nusu wazi. Feni ya vyoo ikiwekwa chini ya jengo badala ya paani, mfereji wote unaopanda juu unakuwa na mgandamizo mkubwa kuliko vyumba unavyopitia, na kila kiungo kilichofungwa vibaya kinapuliza hewa ya choo ndani ya dari za watu. Hakuna cheti cha nishati kinachouliza hilo. Hakuna cheti cha usalama kinachouliza ni kilowati ngapi zinarudi kweli.

Sweden walilitazama hili mapema. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wana ukaguzi wa lazima wa uingizaji hewa, unaojulikana kwa kifupi kama OVK. Mkaguzi aliyeidhinishwa hurudi kila baada ya miaka 3 au 6, kutegemea aina ya jengo na mtambo, kuona kama mfumo bado unafanya kazi ulivyokusudiwa, na huonyesha pia mahali nishati inapoweza kuokolewa bila kuharibu hewa ya ndani. Nchi hiyo hiyo imefunga kwa miongo kadhaa pampu za joto zinazovuna hewa ya kutoka katika nyumba za familia na kuitumia kupasha maji. Hawakulazimika kuchagua kati ya kuvuna na kukagua.

Ukaguzi wa namna hiyo hauhitaji maabara. Kalamu ya moshi mlangoni pa choo itaonyesha kama hewa inaingia au inatoka. Kipimo cha mgandamizo pande mbili za gurudumu kitaonyesha kama feni zimepangwa sawasawa. Gesi ya kufuatilia ikiachiwa kwenye mfereji wa kutoa na kutafutwa kwenye wa kuingiza itatoa asilimia ya uvujaji. Vipimajoto vinne vitatoa ufanisi halisi. Kazi yote ni ya siku moja kwa mtambo mmoja.

Tatizo ni mkataba. Mkandarasi hulipwa akimaliza kufunga, mwenye jengo hupangisha, mpangaji hulipa umeme, na anayevuta hewa hana sahihi mahali popote. Sehemu ya malipo ya mkandarasi ingezuiliwa hadi vipimo hivyo vinne visomwe jengo likiwa na watu, tuseme baada ya mwaka wa kwanza, na matokeo yakabandikwa pale pale penye cheti cha nishati. Asilimia ya joto linalorudi na asilimia ya hewa chafu inayorudi zikae kwenye mstari mmoja, zisomwe pamoja na mtu yule yule anayetaka kupangisha.